Ua Huondoka, Utamu Hubaki

Lalamiko ni lilelile, liwe Kariakoo, Darajani au Mji wa Kale wa Mombasa: dukani marashi yalinukia ua, nyumbani yakanukia peremende. Mnunuzi humshuku muuzaji kwamba amempa chupa nyingine, au kwamba mzigo wote ni feki. Muuzaji naye huitupia lawama ngozi: "Dada, marashi haya hayana kasoro, ila mwili wako ndio unaoyabadilisha." Ubishi huishia hapo, kila mmoja na lake, na chupa iliyonunuliwa kwa pesa nyingi huachwa juu ya kabati mpaka rangi yake inapauka.

Swali hili linastahili jibu pana kuliko hayo mawili. Mimi nashikilia kwamba marashi matamu ya maua hayageuki kuwa matamu. Utamu wote ulikuwemo tangu mpulizo wa kwanza. Vilivyokuwa vimeufunika na kuupa sura ya ua ndivyo vinavyotangulia kuondoka, na wenyewe ukabaki bila mwenziwe. Hakuna kilichoongezwa mkononi mwa mnunuzi. Vimepungua tu, tena kwa mpangilio ambao mtunzi wa marashi aliujua tangu siku alipoyachanganya.

Mpangilio huo unaonekana kwa macho huko Nzwani, visiwani Komoro, nchi iliyo miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani. Mlangilangi watu wa Unguja na Pemba wanaujua: mti wa jamii moja na mstafeli, na pia na mkilua wetu ambao maua yake wanawake wa pwani wamejinukishia tangu zamani. Maua yake ya manjano huchumwa alfajiri, jua halijapanda, kisha hutiwa kwenye mtungi mkubwa wa kukenekea unaochochewa kwa kuni. Mvuke hupenya katikati ya maua, hubeba mafuta, hupozwa kwenye bomba, na mafuta huelea juu ya maji. Kazi hiyo huweza kuchukua saa 20 na kuzidi. Mkenekaji mzoefu hayachanganyi mafuta ya saa ya kwanza na yale ya saa ya kumi. Yanayotangulia huitwa ekstra, na ndiyo yenye bei ya juu kabisa na ndiyo watunzi wa manukato wa Ufaransa wanayoyagombea. Yanayofuata huwa daraja la kwanza, la pili, na mwisho la tatu, ambalo aghalabu huishia kwenye sabuni.

Maua ni yaleyale, mtungi ni uleule. Kinachotofautisha madaraja hayo ni saa. Mafuta ya mwanzo yamejaa linalooli na asetati ya benzili, molekuli nyepesi zenye harufu ya ua bichi na tunda, pamoja na ukali mdogo unaokaribia dawa. Ya mwisho yana molekuli nzito kama benzoeti ya benzili, na harufu yake imetulia, ina kitu cha mbao ndani yake. Anayenusa ekstra na kisha daraja la tatu hataamini kwa urahisi kuwa vyote vimetoka kwenye kapu moja.

Ngozi ya mkono hufanya kazi hiyohiyo bila kuni. Uso wake una joto la nyuzi 32 hivi, na hilo linatosha kuyakeneka marashi polepole, tabaka baada ya tabaka, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Tofauti ni kwamba Nzwani kila tabaka huwekewa chupa yake, na mkononi kila tabaka hupaa likaenda zake.

Kwa nini molekuli nyingine zitangulie na nyingine zichelewe? Jibu la haraka ni uzito, na kwa kiasi kikubwa ni sahihi. Limonini, inayoyapa limau na chungwa ukali wake, ina uzito wa molekuli wa 136 na huchemka kwenye nyuzi 176. Galaksolidi, miski ya kiwandani iliyomo pia kwenye sabuni nyingi za kufulia, ina uzito wa 258 na huweza kukaa kwenye nguo kwa siku kadhaa. Lakini uzito peke yake haumalizi hadithi, na hapa ndipo marashi matamu yanapopata tabia yake. Linalooli ina uzito wa 154. Vanilini, roho ya vanila, ina uzito wa 152, yaani ni nyepesi kidogo zaidi. Kwa hesabu ya uzito, zingeondoka pamoja. Haziondoki pamoja hata kidogo: linalooli huchemka kwenye nyuzi 198, vanilini hungoja mpaka karibu 285, na katika joto la kawaida la chumbani vanilini si kimiminika bali ni unga mweupe. Molekuli za vanilini hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hushikamana pia na unyevu na protini za ngozi, hata hewa hupata taabu kuzing'oa. Ethili maltoli, inayonukia sukari iliyoungua kidogo kwenye sufuria, ni ya ukoo huohuo wa tabia: molekuli ndogo yenye mshiko mkubwa.

Kwa hiyo katika marashi ya aina hii sehemu inayonukia ua imejengwa zaidi na molekuli zinazopaa upesi, na ile inayonukia sukari imejengwa na molekuli zinazong'ang'ania. Hata anayejipaka angekuwa na ngozi ya namna gani, ua litatangulia.

Waliolipanga jambo hili kwa namba walikuwepo zamani. Mwingereza William Poucher, ambaye kitabu chake cha manukato kilianza kuchapishwa mwaka 1923, baadaye alipima muda ambao kila malighafi hukaa kwenye kikaratasi cha kunusia, akazipa alama kuanzia 1 hadi 100. Zilizopata 1 hadi 14 aliziita harufu za juu, 15 hadi 60 za kati, na 61 hadi 100 za chini. Kutokana na mawazo ya namna hiyo ndipo ulipokuja mchoro wa piramidi unaobandikwa kwenye maboksi na mabango ya maduka: limau juu, ua katikati, vanila na miski chini.

Mchoro huo unasaidia, ila unapotosha jambo moja. Unamfanya mtu adhani kwamba vanila huingia jukwaani saa ya tatu, baada ya ua kumaliza zamu yake. Sivyo. Vanila ilikuwepo dakika ya kwanza, chini ya sauti ya wengine, na mara nyingi ndiyo iliyolifanya ua lenyewe lionekane la ukarimu na lililoiva. Asmini bila utamu wowote nyuma yake huwa na ukali unaokaribia kuni mbichi na chai. Ule wororo unaomvutia mnunuzi dukani tayari ni kazi ya vanila.

Tuchukue mifano miwili inayojulikana na wengi. Chanel No. 5, iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921, ina moyo wa asmini, waridi na langilangi. Juu yake zimewekwa aldehaidi zenye harufu ya nguo safi iliyopigwa pasi na nta ya mshumaa. Aldehaidi hizo hupungua mapema, ua hushika nafasi, na ua likipungua kinachobaki ni sandali, veteva, miski na vanila kiasi. Utamu upo, lakini una mti wa kuuegemea. Flowerbomb ya Viktor & Rolf, iliyotoka mwaka 2005, nayo ina asmini na waridi moyoni; chini yake ni pachuli, miski na vanila nzito. Baada ya saa nne marashi haya mawili hayafanani kabisa, ingawa orodha ya maua kwenye maboksi yake ingemfanya mtu adhani ni ndugu. Kinachoyatenganisha ni masalia. Ndiyo maana naona ni bahati mbaya kwamba matangazo hutumia maneno mengi kuyasifu maua na machache mno kutaja kitakachobaki, wakati mvaaji ataishi na hicho kinachobaki kwa sehemu kubwa ya siku.

Ua lenyewe nalo lina safari yake, na asmini ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Ndani ya harufu yake kuna indoli, molekuli ambayo ikiwa nyingi hunuka uozo na hata kinyesi, na ikiwa chembe tu hulipa ua kina chake, ile hali ya usiku na joto la mwili. Asetati ya benzili, iliyo nyingi zaidi na tamu kama tunda, huificha indoli mwanzoni. Nayo hupaa kabla yake. Ndiyo maana mafuta halisi ya asmini, baada ya muda fulani juu ya ngozi, hupita kipindi ambacho baadhi ya watu husema yameharibika, na wengine wakasema sasa ndiyo yamekuwa asmini kweli. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Marashi mengi ya kisasa hukiepuka kipindi hicho kwa kupunguza indoli, na kwa kukiepuka hupoteza kitu ambacho kila aliyewahi kulala karibu na asmini mbichi anakijua.

Swali la haki litaulizwa hapa: mbona kikuba hakibadiliki upesi hivyo? Mwanamke huchomeka asmini, rehani na mkadi kifuani au kwenye nywele jioni, na saa kadhaa baadaye bado inanukia asmini, si sukari. Jibu ni kwamba ua bichi bado liko hai. Asmini hufunguka jioni na huendelea kutengeneza harufu hata baada ya kuchumwa. Mabwana wa manukato wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, waliitumia sifa hiyo kwa miaka mingi kwa kuyalaza maua yaliyochumwa juu ya mafuta ya mnyama yaliyosafishwa, yakiendelea kutoa pumzi yake ndani ya mafuta hayo. Kila molekuli nyepesi inayopaa kutoka kwenye kikuba hufuatwa na nyingine mpya. Marashi ya chupa hayana wa kuyaongezea. Ni akiba iliyokwisha kuhesabiwa, na kila dakika inatumika. Asubuhi, kikuba kikishanyauka na petali kuwa za kahawia, nacho hunusika indoli kuliko kitu kingine. Maua yaliyokufa hufuata sheria ileile ya chupa.

Sasa turudi kwa yule muuzaji na lawama yake dhidi ya ngozi. Hakukosea kabisa. Ngozi kavu haina mafuta ya kuyashikilia marashi, na molekuli nyepesi hupaa kwa kasi zaidi. Ngozi yenye mafuta huzichelewesha, kwa kuwa nyingi huyeyuka ndani ya mafuta hayo na hutoka kwa kujivuta. Jasho huongeza harufu yake yenyewe. Joto nalo lina nguvu kuliko watu wanavyodhani: kwa vimiminika vya aina hii, kuongezeka kwa nyuzi 10 huweza kukaribia kuzidisha mara mbili msukumo wa kugeuka mvuke. Duka lenye kiyoyozi liko kwenye nyuzi 22 hivi, na kikaratasi cha kunusia kiko kwenye joto hilohilo. Mkono wa mnunuzi uko kwenye 32. Anayenusa kikaratasi dukani anayaona marashi yakienda kwa mwendo wa nusu, kisha anayavaa na kushangaa yanavyokimbia.

Lakini dai kwamba kila mwili una kemia yake inayoweza kugeuza asmini kuwa peremende halina mguu wa kusimamia. Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake ikiwa kati ya 4 na 6 kwa kawaida, na molekuli nyingi za marashi hazitikiswi na uchachu mdogo hivyo kwa muda wa saa chache. Ngozi huamua kasi ya safari. Vituo vya safari viliamuliwa kiwandani.

Kuna mhusika wa tatu ambaye hapelekwi mahakamani, naye ni pua. Linda Buck na Richard Axel walitunukiwa Nobeli mwaka 2004 kwa kuonyesha jinsi vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi, na binadamu ana aina zinazokaribia 400. Vipokezi hivyo huzoea. Harufu ikikaa mbele ya pua bila kukoma, ndani ya dakika chache tu mwitikio hushuka, na ubongo huacha kuitaja kwa sababu haileti habari mpya. Pua haizoei harufu zote kwa kiwango kimoja, na hilo huongeza mkanganyiko: mvaaji anaweza kupoteza ua mapema kuliko jirani yake, au akapoteza miski yote huku waliokaa naye kwenye daladala wakiisikia tangu Mwenge hadi Posta. Anayesema "yamekwisha" mara nyingi anaisema habari ya pua yake, si ya ngozi yake. Kujipulizia tena kila baada ya saa moja hakulirudishi ua kama anavyotarajia. Kila mpulizo huongeza tabaka jingine la vanila juu ya lile ambalo halijaondoka, na mwisho wa siku utamu umekuwa mara tatu.

Watu hawazaliwi na pua moja pia. Galaksolidi niliyoitaja huko juu, kuna wasioisikia hata ikiwa nyingi. Betaiononi, inayoyapa marashi harufu ya vayoleti, wengine huisikia kama ua na wengine kama kitu kichachu kisichopendeza, na tofauti hiyo imefuatiliwa mpaka kwenye jeni ya kipokezi kimoja. Kwa hiyo dada wawili waliojipulizia chupa moja wanaweza kubishana kwa dhati na wote wakawa wakweli.

Kizingiti cha pua nacho huleta mambo. Mafuta ya waridi kwa uzito yametawaliwa na sitroneloli na jeranioli, lakini damasenoni, ambayo haifiki hata asilimia 1, hunusika kwa nguvu isiyolingana kabisa na uchache wake, kwa kuwa pua huikamata ikiwa chembe ndogo mno. Molekuli kama hiyo inaweza kupungua sana na bado ikasikika. Maji ya waridi tunayonyunyiza kwa mrashi kwenye maulidi na harusi yana hadithi tofauti: pombe ya fenilethili, inayonukia petali laini, huyeyuka ndani ya maji wakati wa kukeneka, hivyo hubaki kwa wingi kwenye maji na kwa uchache kwenye mafuta. Ndiyo maana mafuta ya waridi na maji ya waridi, ingawa hutoka mtungi mmoja, hayaanzi wala hayamalizi sawa.

Nani basi aliamua kwamba mwisho wa ua uwe sukari? Mwaka 1992 kampuni ya Thierry Mugler ilitoa Angel, kazi ya Olivier Cresp, iliyotumia ethili maltoli kwa kiasi kilichoonekana cha kupindukia wakati huo, ikiegemezwa kwenye pachuli. Ilifanikiwa, na tangu hapo mlango haujafungwa. Upande wa pesa nao unaeleza mengi. Kilo moja ya mafuta ya asmini yaliyosafishwa hutaka mamia ya kilo za maua yaliyochumwa kwa mkono. Vanilini iliyo nyingi duniani haitoki kwenye maganda ya vanila ya Madagaska. Hutengenezwa viwandani, kwa sehemu kubwa kutokana na petroli, na ni rahisi sana. Mtengenezaji anayetaka marashi yadumu kwa gharama ndogo atapunguza moyo na kunenepesha chini. Marashi ya namna hiyo hutoka kwenye limau na kuingia kwenye sukari bila kupita penye ua, au hupita kwa dakika chache tu. Hapo mnunuzi anayelalamika ana haki, ila si kwa sababu marashi yamebadilika. Ni kwa sababu hayakuwa na cha kubadilikia.

Wapo wanaojitahidi kulirefusha ua lenyewe. Hedioni, molekuli ya ukoo wa asmini yenye uzito wa 226, ilitumiwa na Edmond Roudnitska katika Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966. Ina harufu ya asmini iliyo wazi, yenye hewa na umande, na hukaa muda mrefu kuliko asetati ya benzili. Haina nguvu ya ua halisi, lakini hukibakiza kivuli chake mpaka jioni, na leo ni vigumu kupata marashi ya maua yasiyokuwa nayo.

Njia nyingine ni ya kale na bado inafanya kazi: kuacha kutumia spiriti. Mafuta yanayouzwa kwa tola hayana mlipuko wa mwanzo, kwa kuwa hakuna pombe ya kupaa na kubeba molekuli nyepesi. Ua hutoka kwa kujivuta, karibu na mwili, na hudumu kidogo zaidi. Wakenekaji wa Kannauj nchini India walizoea kuukeneka mvuke wa maua moja kwa moja ndani ya mafuta ya sandali, na hapo ua likiondoka kinachobaki ni mti. Wazee wa pwani na wa Omani walifika mahali hapohapo kwa mkono mwingine, kwa kuzipandisha nguo kwenye moshi wa udi na ubani wa chetezo, kujipaka liwa mwilini, kisha ndipo mafuta mazuri yakafuata. Moshi huacha molekuli nzito ndani ya uzi, na ua hukaa juu yake.

Anayetaka kujua chupa itamfanyia nini, asipulizie kikaratasi. Apulizie mkono, atoke dukani, aendelee na shughuli zake, na baada ya saa tatu au nne amwombe mwingine anuse, kwa sababu pua yake mwenyewe imeshazoea. Harufu ya saa hiyo ndiyo anayoinunua. Asiyependa mwisho wa sukari atafute marashi ya asmini yaliyokaa juu ya sandali au veteva, au afukize nguo udi usiku wa kuamkia shughuli na mafuta ayapake kwenye ngozi. Kitambaa hulihifadhi ua muda mrefu kuliko mkono, kwa kuwa hakina joto la mwili, lakini kanzu nyeupe na isipuliziwe marashi matamu: vanilini hugeuka kahawia ikikaa na hewa na mwanga, na doa hilo huwa halitoki kwa kufua mara moja.